Nambari Chini ya Mguu

Kisumu
4 Machi 2024

Baba Mkubwa Nzivo,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekupa nafasi ya kulala na kwamba yule Waruguru bado anakupikia uji mwepesi unaoupenda. Huku sisi ni wazima ila joto. Mwongeli yuko Gredi ya Nane, amenipita kwa urefu, na sasa ananisahihisha Kiswahili mbele ya wageni. Nimemwambia tabia hiyo ameirithi kwako.

Najua simu haikufai tangu masikio yafungwe, kwa hiyo natuma barua hii pamoja na kifurushi kwa basi. Ndani utakuta penseli za rangi ishirini na nne na kitabu changu, *Wanyama Wasiokuwapo*. Ni kitabu cha kupaka rangi, lakini si cha watoto. Ni cha watu wazima. Wauguzi wanakipenda, na walimu, na watu ambao mawazo hayawaachi wapumzike. Mtu anakaa na zimwi lake moja na penseli, na baada ya saa nzima anagundua mabega yameshuka.

Nilichapisha nakala mia tatu mwaka jana, zikaisha. Sasa mchapishaji mmoja wa Nairobi amekubali kutoa toleo la pili, nakala elfu mbili, litoke kwa ajili ya maonyesho ya vitabu. Kurasa za mwisho anazitaka ifikapo tarehe 15 Septemba. Anataka mapitio mafupi ya kuweka nyuma ya jalada, nami nikamwambia kwamba katika ukoo wetu kuna mtu aliyehakiki vitabu gazetini miaka kumi na mitano na hakuwahi kumsifu mtu bure.

Wanyama hawa ni vinyago vya Baba. Unajua mwenyewe. Nilikuwa na miaka mitano walipochomwa, lakini nilikuwa nimeshinda karakana nikiwatazama, na nimewachora kama ninavyowakumbuka. Ukifika mwisho kuna Neno la Mwisho ambamo nimeeleza yaliyompata. Lisome pia, uniambie kama lugha imekaa.

Usinionee huruma. Nihakiki kama mtu baki.

Mwanao,
Mbinya


Komarock
2 Aprili 2024

Mwanangu Mbinya,

Marahaba. Kifurushi kilifika salama, na penseli zote ishirini na nne zilikuwa na ncha. Mimi nipo. Natoka kitandani hadi kiti cha dirishani, na kutoka kiti hadi kitandani, na katikati ya safari hizo mbili ninapumzika. Waruguru anakusalimu. Mume wake amepata kazi ya udereva kwenye kiwanda cha mabati, kwa hiyo anaimba siku nzima, nami nashukuru kwamba sisikii vizuri.

Kitabu. Nilipokifungua nilidhani umenitumia cha Mwongeli kwa makosa. Nikakisoma kama ninavyosoma kitabu chochote, kutoka mbele kwenda nyuma, nikamaliza kwa dakika sita, nikajiona mjinga. Waruguru ndiye aliyenifungulia penseli. Alisema, "Mzee, hiki hakisomwi. Hiki kinafanyiwa kazi." Basi nikaanza kufanya kazi.

Nimepaka kurasa nne kwa wiki tatu. Haya ndiyo maoni yangu. Karatasi ni nyepesi. Penseli inaivumilia, lakini kalamu ya wino itapenya hadi upande wa pili na kumchafua zimwi anayefuata. Mistari yako ina uhai. Yule chui mwenye mabawa ya nzige ana uzito, mtu anaona kwamba akiruka atachoka. Twiga aliyejifunga fundo shingoni alinichekesha peke yangu. Lakini kobe anayebeba kijiji mgongoni umemwekea vijumba vyenye madirisha madogo kuliko punje ya wimbi, na mkono wangu unatetemeka. Nilipaka dirisha moja, nikapaka ukuta, mlango na nusu ya kanisa. Kumbuka kwamba watakaonunua si wote wenye mikono ya miaka thelathini. Yule ndege mwenye uso wa mzee nilimpaka mdomo mwekundu, na Waruguru akaniuliza kama anakwenda arusini.

Ukurasa wa kumi na saba sijaupaka. Nina mapendekezo mawili tu. La kwanza, ondoa ile nambari ndogo, 112, uliyoiweka hapo chini ya mguu ulioinuliwa wa mnyama wa vichwa viwili. Mpakaji atadhani ni maelekezo ya rangi, ahangaike kutafuta penseli yenye nambari hiyo. La pili, ondoa Neno la Mwisho. Kitabu cha kupaka rangi kinatakiwa kumpumzisha mtu. Historia haimpumzishi mtu yeyote.

Nikimaliza kurasa nyingine nitaandika hayo mapitio.

Baba yako mkubwa,
Nzivo


Kisumu
19 Aprili 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Asante kwa kunihakiki bila huruma. Karatasi nitabadilisha na kobe nitampunguzia madirisha. Mwongeli amecheka sana kuhusu ndege wa arusini, na anaomba ukurasa huo aubandike ukutani. Hapa mvua imeanza kwa fujo. Jirani amepoteza kuku wote.

Sasa kuhusu mapendekezo yako mawili.

Nambari ile sikuibuni. Baba alinichongea mnyama mmoja, yule wa vichwa viwili, kimoja kimelala na kimoja kinalinda. Nililala naye mpaka alipopotea tulipohama Kariobangi. Chini ya mguu wake palikuwa na 112 kwa wino mweusi. Nimeichora kama ilivyokuwa, bila kujua maana yake. Nakala mia tatu zimeuzwa na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza, kwa sababu nimeichora ndogo kama mguu wa siafu. Baba Mkubwa, uliniandikia mwezi wa Januari kwamba huwezi tena kusoma herufi ndogo za gazeti. Uliionaje?

Na Neno la Mwisho siwezi kuliondoa. Wiki mbili zilizopita nilipata barua kutoka kwa mwanamke anayeitwa Aqsa, mwalimu wa shule ya msingi huko Pumwani. Ni mjukuu wa Twalib wa Majengo. Anasema kitabu changu kilifika kwenye duka la Imran, pale ambapo babu yake hukaa na wenzake kila baada ya sala ya alasiri, na mtu akawasomea wote ukurasa ule unaosema kwamba rafiki wa baba yangu, Twalib, aliyekuwa akimpigia msasa vinyago vyake, ndiye aliyepeleka taarifa kwa kamati ya chama cha wachongaji hadi kazi zake zikachomwa. Tangu siku hiyo mzee hatoki ndani. Aqsa anasema babu yake hakuandika chochote, na kwamba hata taipu hajawahi kuigusa.

Sikumjibu. Nilisimuliwa jambo hili na Mama, naye hakuwa mwongo. Lakini Mama ametangulia, na karani wa chama ulikuwa wewe. Naomba uniandikie mistari mitatu: kwamba ulikuwepo, kwamba unayajua, kwamba ni Twalib. Nitaiweka kwenye toleo la pili, na Aqsa atanyamaza.

Mwanao,
Mbinya


Komarock
30 Mei 2024

Mwanangu Mbinya,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Mvua uliyoniandikia ilitufikia na sisi. Maji yalifika hadi ngazi ya pili ya nyumba, na siku mbili hapakuwa na gari lililopita Barabara ya Kangundo. Kisha nikalazwa siku tisa. Daktari ni msichana mpole mwenye miwani. Aliniandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, MOYO UMECHOKA, halafu akaongeza tabasamu kwa kalamu pembeni, kana kwamba anapaka rangi kitabu chako. Nilimwandikia jibu kwamba nimeelewa.

Nafurahi kwamba Mwongeli ameupenda yule ndege. Naambatanisha ukurasa wake na wa kobe. Madirisha nimeyaacha wazi, watu wa kijiji wapate hewa.

Kuhusu nambari: niliiona kwa kioo cha kukuzia.

Kuhusu ile mistari mitatu: miaka arobaini na moja ni mingi. Karatasi za chama zilitupwa jengo lilipouzwa. Kamati yote imekufa. Si haki mtu mzee ahukumiwe kwa kumbukumbu ya mzee mwenzake. Acha jina la Twalib. Andika tu kwamba kazi zilichomwa, inatosha. Baba yako mwenyewe asingetaka kelele.

Waruguru amepata mtoto wa kike wa dada yake wa kulea kwa muda, kwa hiyo nyumbani kuna nepi kwenye kamba. Nazitazama zikipepea, ndiyo kazi yangu ya asubuhi.

Baba yako mkubwa,
Nzivo


Kisumu
11 Juni 2024

Baba Mkubwa,

Shikamoo, na pole kwa kulazwa. Ningependa kuuliza zaidi juu ya moyo wako, lakini nikifanya hivyo nitaisahau hasira yangu, na leo naihitaji.

Umeandika "acha jina la Twalib." Hukuandika kwamba si yeye. Hukuandika kwamba ni yeye. Nimeisoma barua mara nyingi nikitafuta mojawapo. Wewe umefanya kazi ya maneno maisha yako yote, huachi pengo kwa bahati mbaya.

Kama si Twalib, nani?

Nisipopata jibu, Neno la Mwisho linakwenda kwa mchapishaji kama lilivyo, na jina lake litasomwa na watu elfu mbili.

Mbinya


Komarock
23 Juni 2024

Mwanangu Mbinya,

Salamu kwanza, kwa kuwa sijui kama utazipokea ukishamaliza kusoma.

Si Twalib. Ni mimi.

Nimeitanguliza sentensi hiyo ili nisipate njia ya kurudi. Sasa nitaeleza kwa utaratibu.

Mimi na baba yako Mutunga tulijiunga na chama cha wachongaji siku moja, mwaka wa 1971. Mimi nilipewa nambari 111, yeye 112. Kila mchongaji alikuwa na nambari, na kila kinyago kilipofika dirisha la mapokezi kiliandikwa nambari hiyo chini ya mguu, ili hata kikifika ng'ambo ijulikane ni mkono wa nani. Nilichonga miezi minane. Ndovu wangu walifanana na nguruwe waliofiwa. Kwa kuwa nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nilipewa kalamu na kiti cha dirishani, nikawa karani. Mchongaji akisahau kutaja nambari yake nilimkaripia: "Kazi isiyo na nambari haina mwenyewe." Walinichukia kwa sentensi hiyo.

Baba yako alichonga twiga na ndovu kama wengine mpaka mwaka wa 1982. Ndipo alipoanza wanyama wake. Alichonga kwa tezo, Twalib akakaa mkabala naye akipiga msasa, kisha wakapaka rangi ya viatu na kung'arisha kwa kitambaa. Hakuna mwingine aliyegusa kazi hiyo. Nilipowapokea wale wanyama dirishani mikono yangu ilikuwa mizito. Nilikuwa nimepokea maelfu ya vinyago, Mbinya. Nilijua ninachokishika.

Wageni wakaanza kuuliza habari za nambari 112. Waliniuliza mimi, maana mimi ndiye niliyekaa dirishani. Siku moja mgeni mmoja akaniuliza kama na mimi huchonga. Baba yako, kwa utani wa ndugu, akaenda akaleta ndovu wangu wa zamani ambaye alikuwa akimtumia kuzuia mlango wa karakana usijifunge. Watu wote wakacheka. Mimi pia nilicheka.

Wiki ile nilikaa kwenye taipu ya ofisi nikaandika ukurasa mmoja na nusu, bila sahihi, nikausukuma chini ya mlango wa mwenyekiti. Niliandika kwamba kazi za nambari 112 hazifanani na kitu chochote alichoumba Mungu. Kwamba mchongaji huyo husikika akizungumza nazo. Kwamba wamishonari, ambao ndio walikuwa wanunuzi wetu wakubwa, wakijua, watatukimbia sote. Sikuamini hata neno moja. Nilikuwa nimesoma. Niliyachagua maneno kwa kujua nani ataogopa nini. Watu husema mapitio yangu ya kwanza yalitoka gazetini mwaka wa 1986. Ya kwanza yalikuwa yale.

Kamati iliogopa kama nilivyotaka, kisha ikafanya zaidi ya nilivyotaka. Nilidhani watamwambia arudie twiga. Walimfukuza, na wanyama thelathini na wawili wakatiwa katika moto wa jikoni mwa karakana. Githeri ya siku hiyo, mahindi na maharage yetu, ilipikwa kwa kazi ya baba yako. Nilichukua sahani yangu nikala, kwa sababu kutokula kungeonekana.

Kesho yake baba yako alikuja kwangu. Hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu aliyeamka mahali asipopajua. Akaniuliza, "Kaka, ni nani?"

Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia, "Nani mwingine huwaona kabla hawajamalizika?"

Sikutaja jina. Nimejificha nyuma ya swali hilo kwa miaka arobaini na moja. Baba yako alirudi nyumbani akamwambia mama yako kwamba ni Twalib, na mama yako akakuambia wewe. Hakuwa mwongo. Uwongo ulianzia kwangu, nao wakaubeba kwa nia njema.

Hakushika tezo tena. Alibeba magunia sokoni Kariobangi mpaka kifua kikakataa. Tulipomzika Kathiani mwaka wa 1991, Twalib alikuja kutoka Majengo na mkewe, Muhiba, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri. Mimi ndiye niliyekuwa langoni. Nilimwambia kwamba familia haitaki kumwona. Hakubishana. Aliniuliza tu kama ninaweza kumtupia udongo kwa niaba yake, nikasema nitafanya hivyo. Sikufanya.

Sina kioo cha kukuzia. Niliiona nambari kwa sababu niliitafuta. Mnyama wako hakuwa wa kuuzwa, lakini baba yako alimleta dirishani akasema, "Karani, mwandikie, mtoto asije akaambiwa amemwiba." Nikaandika. Umeunakili mwandiko wangu vizuri mno. Hata ile 1 ya pili umeilaza kidogo kushoto, kama nilivyokuwa nikiilaza.

Sikuombi kitu. Nilitaka tu jina la Twalib lisiende kwa watu elfu mbili nami nikiwa bado napumua na kunyamaza.

Nzivo


Kisumu
14 Agosti 2024

Baba Mkubwa,

Wiki saba nimekaa na barua yako. Niliificha kwenye kabati la sare za Mwongeli, halafu kila nilipopiga pasi nikaiona.

Mwezi wa Julai nilikuja Nairobi kwa mchapishaji. Nilifika Komarock mpaka langoni kwako. Kulikuwa na nepi kwenye kamba. Nilisimama pale, kisha nikarudi nilikotoka. Sikujua nikiingia nitakushika mkono au nitafanya nini.

Nimemwandikia Aqsa. Nimemwambia jina la babu yake limetoka kitabuni, na kwamba nitachapisha maneno ya kumwomba radhi kwa jina lake lote. Alijibu kwa heshima kuliko nilivyostahili. Hakuuliza ni nani basi. Sikumwambia. Hilo si langu kulisema.

Kwa hiyo nina mambo mawili. Kwanza, utakwenda Majengo mwenyewe. Hutatuma barua. Najua moyo umechoka. Nenda nao hivyo hivyo. Pili, mapitio yangu bado nayadai. Yale ya kwanza uliyaandika bila sahihi. Haya utayatia sahihi, na nitayachapisha neno kwa neno, hata yakiniumiza.

Nambari inabaki pale pale chini ya mguu.

Salamu zangu siwezi kuziandika vizuri leo. Zipo, lakini hazijaiva.

Mbinya


Komarock
30 Agosti 2024

Mwanangu Mbinya,

Nimepokea hata zile ambazo hazijaiva. Siku ile ya Julai nilikuona kutoka dirishani. Ulikuwa umevaa sweta ya kijani. Sikukuita, kwa kuwa niliona una haki ya kurudi.

Jumanne Waruguru alitafuta teksi, akanivika koti la mazishi kwa sababu ndilo pekee linalonitosha sasa, tukaenda Majengo. Njia nzima alikuwa akinieleza mambo ambayo sikuyasikia, kiganja chake kikiwa kwenye kifundo cha mkono wangu akihesabu mapigo.

Twalib yuko katika nyumba ile ile ya udongo na mabati, chumba cha kwanza ukiingia. Amekonda, lakini vidole vyake bado ni vya msasa, ncha zimesuguliwa hata hazina michoro. Alikuwa ameketi juu ya mkeka uani. Aqsa alikuwepo. Muhiba alinitambua mara moja. Alimletea Waruguru chai ya tangawizi, mimi sikuletewa, wala sikuona ajabu. Twalib alisogea mpaka kwenye sikio langu la kushoto, lililobaki na uhai kidogo, akasema, "Bwana Nzivo. Leo langoni nani amekuruhusu?"

Nikamwambia yote. Nilisema kwa sauti kubwa, kama wanavyosema viziwi, kwa hiyo majirani nao walisikia. Duka la Imran liko ukuta wa pili. Sikuipunguza sauti.

Hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo moja tu.

"Mutunga alikufa akiamini ni mimi?"

"Ndiyo."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, kama fundi anayeambiwa kipimo. Aqsa alianza kulia, naye akamwashiria anyamaze. Aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, na alipotoka alikuwa amebeba kitu ndani ya shati kuukuu. Akakiweka mapajani mwangu.

Ni yule chui mwenye mabawa ya nzige, Mbinya. Wa mti wa muhugu. Ubavu wa kulia ni laini kama shavu la mtoto. Ubavu wa kushoto bado una alama za tezo la baba yako, moja moja, unaweza kuzihesabu. Twalib alisema siku ile alikuwa amemaliza upande mmoja walipokuja kukusanya, akamfunga ndani ya shati akatoka naye. Upande wa pili hakuugusa tena. Alisema alikuwa anangoja Mutunga aje amwambie aendelee.

"Mgeuze mguu," akaniambia.

Nikamgeuza. Palikuwa patupu. Hakuwahi kufika dirishani kwangu.

"Kazi isiyo na nambari haina mwenyewe," Twalib akasema. "Ulitukaripia hivyo miaka kumi na miwili. Andika."

Aqsa alinipa kalamu yake ya shule. Nilijaribu kusema neno, nafikiri lilikuwa neno la msamaha, naye akaweka kiganja juu ya goti langu kunizuia.

"Sijasema nimekusamehe. Nimesema andika."

Nikaandika 112. Ile 1 ya pili imelala zaidi kuliko zamani. Alimchukua, akamtazama chini ya mguu kwa muda, akampuliza wino ukauke, akaingia naye ndani. Hakurudi. Waruguru alinisaidia kusimama. Tulipofika mlangoni, Muhiba alimpa Waruguru kichupa cha chai ya njiani. Alisema ni cha watu wawili.

Aqsa anasema utakapokuja, babu yake atakuonyesha huyo chui. Wewe, si mimi.

Mapitio yako haya hapa. Usibadilishe kitu.

Nzivo


*Wanyama Wasiokuwapo*, kitabu cha kupaka rangi kwa watu wazima. Michoro ya Mbinya Mutunga.

Nilipewa kitabu hiki ili nikihakiki, kikaishia kunihakiki mimi. Mistari ni ya mkono wenye subira, na toleo hili lina karatasi inayostahimili. Kurasa ni thelathini na mbili, mnyama mmoja kila ukurasa, idadi ile ile ya waliochomwa mwaka wa 1983. Mwenye mkono unaotetemeka aanze na twiga, aache kobe hadi siku njema. Kasoro: katika kisanduku cha penseli hakuna rangi ya muhugu. Kwa ukurasa wa kumi na saba nilitumia rangi ya viatu, kwa kidole, kama walivyofanya waliowachonga na kuwapiga msasa. Chini ya mguu wa mnyama huyo kuna nambari. Si maelekezo ya rangi. Ni Mutunga Mutisya, mchongaji bora niliyewahi kupokea kazi yake. Taarifa iliyomwangusha iliandikwa na ndugu yake, wala haikuandikwa na Twalib wa Majengo.

Josphat Nzivo Mutisya
Nambari 111
Komarock, 30 Agosti 2024